Moja Mara Tatu

Likizo iliyopita nilikuwa Wema, kijiji cha Wapokomo katika delta ya Mto Tana, nikikusanya msamiati wa wakulima wa mpunga. Ajuza aliyenikaribisha kwake alikuwa ametoka kutibiwa katika zahanati moja ya sehemu hizo, na mkononi alikuwa na bahasha ya tembe iliyoandikwa 1 x 3. Akamwita mjukuu wake wa Gredi ya Sita amsomee. Mtoto hakusita: "Moja mara tatu ni tatu, bibi." Bibi akameza tatu kwa mpigo, akashikwa na kizunguzungu hadi adhuhuri.

Nani alaumiwe? Mtoto alijibu kama tulivyomfunza sisi walimu. Neno "mara" lina mizigo miwili: idadi ya nyakati jambo linapotendeka, na kuzidisha katika hesabu. Mwandishi wa bahasha alikusudia maana ya kwanza, msomaji akaipata ya pili.

Na hicho ni Kiswahili tu. Katika delta hii mgonjwa mmoja huja na Kipokomo, ambacho ni jamaa ya Kiswahili; anayemfuata huja na Kiorma, lugha ya Kikushi isiyo na udugu nacho. Muuguzi aliyehamishwa kutoka bara huwakabili wote wawili, na foleni i mlangoni. (Simcheki, mimi na shahada zangu nilihitaji mkalimani kuulizia ng'ombe.) Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia kiwango chake cha kusoma. Hilo "inapowezekana" ndilo dirisha tunalotorokea.

Jioni tulirudi zahanatini. Muuguzi wa zamu hakukasirika. Alimwuliza, "Mama, hebu niambie, kesho utazimezaje?" Bibi akaeleza, akakosea, akaelekezwa, akapatia. Hazikupita dakika tano. Hapo ndipo alipofichua kwamba alikuwa akinywa pia maji ya magome ya mti. Mbona hakusema mapema? Hakuulizwa, na kwa malezi yake mgonjwa hamtangulii tabibu kwa maneno.

Walimu wenzangu, tunafunza barua rasmi na kumbukumbu za mikutano. Sijaona darasa linalofunzwa kusoma bahasha ya dawa.

Muuguzi alikata ile 1 x 3 kwa kalamu, akachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kila kimoja na tembe yake kando. Mjukuu alipoonyeshwa alilalamika kwamba hiyo si hesabu.