Adui mzuri wa mchezo si mwenye nguvu, ni mwenye sababu

Na Mwandishi Wetu

WATU watano wameketi kuzunguka meza. Mbele yao zipo karatasi, penseli na dadu za maumbo mbalimbali. Wanne kati yao ni mashujaa: mpiganaji, mchawi, mwizi na mganga. Wa tano, peke yake, ni kila kitu kilichobaki duniani: mvua, mlinzi wa lango, mbwa anayebweka, na adui anayewangoja.

Huo ni mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Ulio maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulibuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974. Tofauti na bao au karata, hauna mshindi. Wachezaji hueleza kwa maneno wanachotaka kufanya, mwendesha mchezo hueleza kinachotokea, na palipo na shaka dadu hurushwa ili kuamua.

Mtu huyo wa tano ana mamlaka yasiyo na mpaka. Akitaka, anaweza kuleta majoka kumi kwa mpigo na kuwaua mashujaa wote ndani ya dakika tano. Kwa hiyo kuwashinda wachezaji si kazi. Kazi ni kutunga adui atakayewatoa jasho bila kuwaonea.

Akiwa dhaifu mno, wachezaji hupiga miayo. Akizidi mno, huona wameonewa, na wiki inayofuata viti hubaki vitupu.

Swali lililozaa kasri

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Strahd von Zarovich, vampaya, yaani mfu anayeishi kwa kunyonya damu za watu. Chanzo chake ni kero ya mchezaji mmoja.

Mwaka 1978, Tracy Hickman alikuwa akicheza mchezo ulioendeshwa na rafiki yake. Mashujaa walikuwa wakipita chini ya ardhi, chumba hadi chumba, wakiua na kukusanya hazina, kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo. Ghafla wakakutana na vampaya. Hickman akajiuliza: huyu anafanya nini hapa?

Vampaya huyo hakuwa na nyumba, historia wala haja yoyote. Alikuwapo ili auawe. Hickman na mkewe, Laura, waliamua kumtungia vampaya wao maisha yake, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1983 kwa jina la Ravenloft. Mwaka 2016 kisa hicho kilipanuliwa na kuwa kitabu kizima, Curse of Strahd.

Katika kisa hicho, Strahd ni mtawala na shujaa wa vita aliyezeeka akiwa vitani. Alimpenda Tatyana, mchumba wa mdogo wake, Sergei. Siku ya harusi alimuua ndugu yake ili ampate binti huyo. Tatyana alimkimbia, akajirusha kutoka juu ya kuta za kasri. Mwuaji akabaki na uhai usiokwisha, bila kile alichoulia.

Mashujaa wanapoingia nchini mwake, humkuta msichana, Ireena, anayefanana na Tatyana. Strahd anamtaka. Hapo mwendesha mchezo hahitaji tena kubahatisha adui atafanya nini, kwa maana anajua anachokitafuta.

Zimwi likujualo

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Strahd ni zimwi la namna hiyo. Katika kitabu cha 2016 hangoji chumba cha mwisho. Ana majasusi, popo na mbwamwitu wakiwamo, hujitokeza njiani kuwapima mashujaa, na huweza hata kuwaandikia barua ya kuwaalika chakula cha jioni.

Hawamalizi siku ya kwanza, ingawa angeweza, kwa sababu ana haja nao. Kila wanapokutana, yeye hujifunza jambo juu yao, nao hujifunza jambo juu yake. Siku ya pambano la mwisho inapofika, wachezaji hawapigani na jina geni. Wanapigana na mtu wanayemchukia kwa sababu zao wenyewe.

Hesabu ya zamu

Hata hivyo, sababu peke yake haitoshi. Adui mmoja akipambana na mashujaa wanne, kila anapotenda mara moja wao hutenda mara nne, hivyo huweza kuanguka kabla hajaonyesha alichonacho.

Kanuni za mwaka 2014 ziliziba pengo hilo kwa kuwapa maadui wakubwa vitendo vya ziada, vinavyofanywa mwishoni mwa zamu za wengine. Strahd anavyo vitatu kwa kila mzunguko. Aidha, ana alama 144 za uhai, na hurejesha 20 kila zamu yake inapoanza.

Kwa hesabu hiyo anaonekana hashindiki, lakini uponyaji wake husimama akiwa juani au katika maji yanayotiririka. Tena zimo nchini silaha za kumkabili, ukiwamo upanga wa nuru, ambazo mahali zilipofichwa hujulikana kwa kupiga ramli ya karata. Karata hubadilika, hivyo kila kundi hutafuta kwa njia yake. Ugumu wa Strahd una mlango, ila mlango huo lazima utafutwe.

Wadogo wenye akili

Wapo pia walioonyesha kuwa adui mgumu anaweza kuwa kiumbe dhaifu. Mwaka 1987, katika toleo la 127 la jarida la Dragon, mhariri Roger E. Moore aliandika juu ya koboldi, vijitu vidogo ambavyo kwa kanuni za wakati huo vilikuwa na alama moja hadi nne tu za uhai.

Koboldi hao walitumia vichochoro vyembamba, mitego, moto na mishale iliyofyatuliwa kutoka mafichoni. Hawakusimama wazi kupigana. Mashujaa waliozoea kupambana na viumbe wakubwa waliwakimbia. Alama za uhai hazikuongezwa hata moja. Kilichoongezwa ni akili.

Jaribu la mwendesha mchezo

Mtihani mkubwa huja pale wachezaji wanapobuni hila ambayo haikutarajiwa na adui akaanguka mapema. Mwendesha mchezo aliyemtunga kwa wiki kadhaa hushawishika kumwokoa: kuficha dadu, kumwongezea uhai kimyakimya, au kumtoroshea mlango ambao haukuwapo.

Wapenzi wa sinema hujua kwamba "stelingi" hafi. Kwenye meza hii stelingi anaweza kufa, na ndiyo maana ushindi wake una thamani. Wachezaji wakigundua kuwa adui analindwa, huacha kufikiri, kwa kuwa kufikiri hakuleti tofauti. Kinachovunjika hapo ni imani kati ya marafiki, na hiyo haina kipimo cha alama.

Kwa hiyo, anayetaka kutunga adui wa kukumbukwa hana budi kujibu maswali manne kabla ya kugusa dadu. Adui anataka nini? Anajua nini juu ya mashujaa? Atafanya nini iwapo hawatatokea? Na ni kwa njia gani anaweza kushindwa?

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu humtaka mtunzi ampende adui wake kiasi cha kumpa uhai, kisha awe tayari kumwona akianguka mikononi mwa wenzake, na kufurahi pamoja nao.