Tumbili Aliyevuka Uzio

Saa 5:29 asubuhi, Jumanne tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha kufua umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine kituoni ikaelemewa na mzigo ulioachwa, nayo ikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakaa bila umeme hadi karibu saa 9 alasiri. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na maofisa wa wanyamapori.

Magazeti ya dunia yaliipokea habari ile kama kichekesho. Kwangu mimi ni mojawapo ya matukio mazito zaidi ya kihandisi katika ukanda wetu. Transfoma iliyopata hitilafu inatakiwa ijizime isiungue. Mtambo unaozidiwa na mzigo unatakiwa ujitoe usije ukaharibika. Kila kimoja kilitii amri yake, na utii wa wote kwa pamoja ukaleta giza.

Kuna tawi la sayansi linaloshughulika na mwanya huo hasa, mwanya ulio kati ya usahihi wa kila kipande na usalama wa kitu kizima. Miongoni mwa wanaolisukuma mbele ni wanafunzi wa uzamivu. Kazi yao ni kuthibitisha kwa hisabati, kabla mtambo haujawashwa, kwamba mfumo wa udhibiti ukipigwa utayumba, lakini utasimama tena.

Mfumo wa udhibiti ni chochote kinachopima, kinacholinganisha na kinachorekebisha. Jokofu hupima joto lake, likawasha mota. Kwenye kituo cha umeme, kifaa kiitwacho gavana hupima mwendo wa jenereta, kikafungua maji au kuyabana. Gridi ya Kenya, kama za Tanzania na Uganda, inatakiwa iende kwa frikwensi ya mizunguko 50 kwa sekunde. Mzigo ukizidi nguvu iliyopo, jenereta zote hupungua mwendo kwa pamoja, kama pikipiki iliyopakia magunia mawili inapokutana na mlima. Gavana hufungua maji zaidi, lakini maji yaliyojaa kwenye bomba kubwa hayakurupuki: yana uzito, yanahitaji muda kushika kasi. Mwendo ukishuka mno kabla ya msaada kufika, mitambo hujitoa ili kujiokoa. Iliyobaki ni kama watu wanaobeba mtumbwi kutoka msituni: mmoja akiachia, bega la jirani yake ndilo linalofuata kuelemewa.

Njia iliyozoeleka ya kujua kama gridi itahimili ni kuijaribu, mara nyingi kwa kuiiga kwenye kompyuta. Zima mtambo huu, tazama. Washa, zima ule, tazama tena. Ni njia ya lazima wala siidharau. Ila jaribio hukuambia habari za yale uliyoyajaribu tu. Swichi 30, kila moja ikiwa imefungwa au imefunguliwa, zina mipangilio 1,073,741,824. Ukijaribu mpangilio mmoja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya miaka 34. Na gridi ya taifa ina swichi nyingi kuliko hizo.

Uthibitisho huanzia kwingine: kwanza sema unachotaka, useme kwa namna ambayo mashine haiwezi kuielewa vingine. Katika miaka ya 1950 mwanafalsafa Arthur Prior, mzaliwa wa New Zealand, alitunga mantiki ya nyakati, yenye alama za yaliyokuwa, yatakayokuwa na yanayodumu siku zote. Mwaka 1977 Amir Pnueli wa Israeli akaona kwamba mantiki hiyo iliyotungwa kwa ajili ya falsafa ndiyo inayofaa kuelezea programu za kompyuta, hasa zile zisizotakiwa kusimama kamwe. Nguzo zake mbili kwa Kiswahili ni “daima” na “hatimaye”. Daima, milango ya treni haitakuwa wazi treni ikiwa mwendoni. Kila ombi hatimaye litajibiwa.

Kiswahili, kwa maoni yangu, kinatusaidia hapa kwa namna ambayo hatujaitumia vya kutosha. Mhandisi akisema “valvu hii hufunga shinikizo likipanda”, ile hu- imebeba mazoea: ndivyo ilivyo kwa kawaida, na kawaida ina siku zake mbaya. Akisema “daima itafunga”, ametoa ahadi, na ahadi inaweza kudaiwa. Mantiki ya Pnueli haina nafasi ya hu-. Inamlazimisha mtu kuchagua.

Hata “hatimaye” huwa haitoshi. Frikwensi itakayorudi hatimaye inaweza kurudi mwakani. Ndiyo maana mwaka 2004 Oded Maler na Dejan Ničković, wakiwa Grenoble nchini Ufaransa, walitunga mantiki inayozungumza na mawimbi halisi na saa halisi. Kwa mfano: mtambo wowote mmoja ukizimika, frikwensi daima itabaki juu ya 49, na ndani ya sekunde 30 itarudi juu ya 49.8. Miaka michache baadaye watafiti waliongeza jambo ninaloliona kuwa zuri mno: badala ya kuuliza kama sentensi imetimia au haijatimia, wakauliza imetimia kwa kiasi gani. Gridi iliyoshuka hadi 49.02 na ile iliyoshuka hadi 49.6 zote zimetii, lakini ya kwanza imeponea chupuchupu. Hapo ustahimilivu unaacha kuwa sifa ya kupamba ripoti, unakuwa namba.

Inabaki kazi ya kuhakikisha kwamba sentensi ni kweli katika mipangilio yote, na ile miaka 34 bado inatusubiri. Hapa historia ina mwanafunzi wake. Mwaka 1987 Kenneth McMillan, akiwa mwanafunzi wa Edmund Clarke katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, aling’amua kwamba si lazima kuitembelea hali moja moja. Unaweza kulifumba kundi zima la hali ndani ya fomula moja fupi, kisha ukalisogeza kundi lote kwa hatua moja, kama mtu anayehamisha kichuguu kwa koleo badala ya kubeba mchwa mmoja mmoja. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua mifumo yenye hali zaidi ya 1 ikifuatwa na sifuri 20. Clarke, pamoja na Allen Emerson na Joseph Sifakis, walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa kuasisi ukaguzi wa aina hii.

Lakini kukagua mfumo uliokwisha kujengwa ni nusu ya ndoto. Nusu ya pili iliulizwa mwaka 1957 na mwanamantiki wa Marekani Alonzo Church: ukiandika sentensi unayotaka itimie, je, mashine inaweza kukutungia yenyewe kidhibiti kitakachoitimiza, hata mazingira yafanye nini? Mwaka 1969 Richard Büchi na Lawrence Landweber walijibu: ndiyo, na njia yake ni kulitazama jambo zima kama mchezo.

Anayejua bao ataelewa haraka. Kidhibiti ni mchezaji mmoja. Upande wa pili wa ubao amekaa mpinzani ambaye ni mvua, hitilafu, mdukuzi, tumbili. Kwenye bao la mashimo 32 na kete 64, bingwa hangoji kete zake ziliwe ndipo ajue amefungwa. Huiona hali iliyopotea mapema, wakati mgeni anayetazama bado anasema mchezo ni sawa kwa sawa.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila kwa kurudi nyuma. Huanza na hali zote zilizo salama. Kisha hufuta kila hali ambayo mpinzani, kwa hatua moja, anaweza kukusukuma nje hata ufanye nini. Hali zilizobaki huzipitia upya, kwa sababu baadhi zilitegemea zile zilizofutwa. Hufuta tena, na tena, hadi mzunguko upite bila kufuta kitu. Kilichobaki ni uwanja wa ushindi: ukiwa ndani yake, ipo hatua ya kukubakiza ndani, daima.

Sasa irudishe fikra hiyo kwenye gridi. Taa zinawaka, frikwensi ni 50 kamili, hakuna king’ora kinacholia. Lakini akiba ya nguvu ni ndogo kuliko mtambo mkubwa kuliko yote ulio kazini. Kwa macho ya chumba cha udhibiti, mambo ni shwari. Kwa hesabu ya mchezo, hali hiyo ilishafutwa, kwa kuwa pigo moja tu linatosha na hakuna jibu litakalowahi. Giza linakuwa limeshaingia kwenye hesabu kabla mnyama hajapanda paa. Sijui namna nyingine ya kufikiri inayolisema jambo hili kwa uwazi kiasi hiki.

Bei yake ni kubwa. Pnueli na Roni Rosner walionyesha mwaka 1989 kwamba kwa sentensi za jumla kazi hii hukua kwa kasi isiyovumilika kadiri sentensi zinavyorefuka. Mwaka 2006 Pnueli na wenzake wawili wakatenga aina ya sentensi zinazowezekana kwa muda wa kawaida, na ndipo vidhibiti vya roboti vikaanza kutungwa hivyo. Uthibitisho wenyewe umekuwa kazini siku nyingi: treni zisizo na dereva za njia namba 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, zilianza kuongozwa na programu ambayo sehemu zake za usalama zilijengwa pamoja na uthibitisho wake, hatua kwa hatua, kwa mbinu aliyoibuni Jean-Raymond Abrial.

Lakini kila mfumo husimama juu ya masharti yake. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines safari namba 302 iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilikuwa Boeing 737 MAX. Muda mfupi baada ya kuruka, kihisi cha upande wa kushoto kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo kilianza kusema nyuzi 74.5. Mwenzake wa kulia alikuwa akisema takribani 15. Mfumo uliotakiwa kuishusha pua ya ndege pembe inapozidi ulikuwa ukikisikiliza kihisi kimoja tu kwa safari, na safari hiyo ilikuwa zamu ya kile cha kushoto. Ukaishusha pua, na marubani walipoirudisha, ukaishusha tena. Ndani ya dakika sita watu 157 walikuwa wamekufa. Thelathini na wawili kati yao walikuwa Wakenya. Chini ya miezi mitano kabla, Oktoba 2018, watu 189 walikufa Indonesia kwa ndege ya aina hiyo hiyo na mfumo huo huo.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi na kila mara linaniuma kwa namna ile ile. Nyuma ya chuma na kompyuta zote kulikuwa na sharti fupi: kihisi kinasema kweli, na kikidanganya, marubani watawahi kurekebisha. Marekebisho yaliyofuata yaliuagiza mfumo ulinganishe vihisi vyote viwili, na vikitofautiana zaidi ya nyuzi 5.5, usifanye kitu. Laiti sharti lile lingeandikwa kama dai kwenye karatasi ya mchezo, na mpinzani akapewa ruhusa ya kukishika kihisi kimoja, hatua ya kushinda ingekuwa yake tangu mwanzo, na mashine ingeionyesha.

Ni vihisi vingapi basi vinatosha? Viwili vikitofautiana, unajua kuna mwongo lakini humjui. Vitatu humtenga mwongo kwa wingi wa kura, ilimradi awaambie wenzake wote uongo ule ule. Akimwambia huyu hili na yule lile, hata watatu hawatoshi, wanahitajika wanne. Hilo lilithibitishwa na Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease, katika kazi iliyotokana na mradi wa NASA wa kompyuta za kuongozea ndege, na mwaka 1982 wakalisimulia kama kisa cha majemadari wenye wasaliti ndani yao.

Mfikirie sasa mwanafunzi wa uzamivu aliyechagua gridi kama ya kwetu. Ukurasa wa kwanza wa uthibitisho wake ni orodha ya masharti, na ndiyo itakayomchukua muda mrefu kuliko fomula zote. Taarifa ya waendeshaji wa Gitaru ilieleza kwamba vituo vyao vinalindwa kwa uzio wa umeme unaozuia wanyama. Kwa hiyo ameandika: uzio hauvukwi. Chini ya sharti hilo kompyuta yake inakubali, sentensi inatimia, kazi inaweza kufungwa jalada.

Anaufuta mstari ule. Mahali pake anaandika: daima, uzio ukivukwa na transfoma yoyote moja ikazimika, frikwensi itabaki juu ya 49. Anaiachia kompyuta usiku kucha. Asubuhi anakuta imekataa, na imemwekea mfano pinzani kwenye skrini, mistari mitano ya mpinzani akicheza. Mstari wa kwanza unaonyesha gridi ikiwa kwenye 50 kamili, mitambo yote ikizunguka, akiba ikiwa ndogo. Anavuta kiti na kuanza kusoma kutoka hapo.