Koili Ikifa Kyambogo, Nani Analipa?

Gari la mtumba kutoka Japani likitua Kampala huwa limeacha nyuma kitu ambacho mnunuzi hakukiona kwenye bei: mtu wa kumlalamikia. Kampuni iliyoliunda inamjua mwenye gari wa kwanza, kule Nagoya au Osaka. Mwenye gari wa leo, anayepandisha kilima cha Kyambogo akitokea Banda huku injini inatetemeka na taa ya injini inawaka, haimjui kabisa. Naye atafanya wanachofanya wengi: atasogea kando ya Jinja Road, atampigia fundi, kisha atalipa kutoka mfukoni mwake, hata pale ambapo hitilafu ni ya kiwandani na kampuni ilishakubali kuirekebisha bure.

Malipo hayo yanaweza kupungua sana, lakini inategemea unaanzia wapi. Wengi wetu tunaanzia mwisho, yaani dukani.

Kwanza kifaa chenyewe, koili. Katika Corolla NZE121, Raum, Spacio, Probox na Premio zenye injini ya 1NZ-FE, kila plagi ina koili yake juu. Koili inachukua umeme wa volti 12 za betri na kuukuza hadi makumi ya maelfu ya volti, ndipo cheche iruke kwenye ncha ya plagi. Plagi ikichakaa, nafasi kati ya ncha zake hutanuka, na koili hulazimika kusukuma umeme mkali zaidi ili cheche ivuke. Inafanya hivyo kwa miezi, inapata joto, mwisho inakufa. Ndiyo maana nasema koili nyingi zinazozikwa Kampala zimeuawa na plagi. Nyingine zimeuawa na oili inayovuja kutoka gasketi ya kifuniko cha juu cha injini na kujaa kwenye shimo la plagi, na nyingine na maji ya presha ya sehemu za kuoshea magari, pale kijana anapofungua boneti na kupiga injini maji mpaka ing'ae. Mkataze. Vumbi juu ya injini halijawahi kuzima gari.

Hakuna wito wa kiwandani, yaani tangazo la kampuni la kurejesha magari ili yatengenezwe bure, utakaokulipia vifo vya namna hiyo, na hapa ndipo hasira nyingi zinapoanzia. Mtu anasikia kwamba kampuni fulani imeita magari yake kwa sababu ya koili, anadhani gari lake limo. Wito wa kurejesha magari haufuati jina la gari. Unafuata namba za chasi, kutoka namba hii hadi namba ile, zilizotoka kiwandani kati ya tarehe hii na tarehe ile. Magari mawili ya aina moja yaliyoegeshwa pamoja chuoni Kyambogo, moja linaweza kuwa ndani ya wito na jingine nje.

Oktoba 2019, kwa mfano, Subaru ilitangaza Marekani wito wa Impreza za 2017 hadi 2019 na Crosstrek za 2018 na 2019. Kompyuta ya injini ingeweza kuendelea kupeleka umeme kwenye koili hata baada ya injini kuzimwa. Koili inachemka, inapiga shoti, fyuzi inaungua, gari linazimika. Umri wa magari hayo sasa ni ule ule wa magari yanayoingia Afrika Mashariki. Yale ya soko la Japani hayaitwi Crosstrek, yanaitwa XV, kwa hiyo anayetafuta habari kwa jina lililoandikwa mgongoni mwa gari lake hazipati. Tena, ukichukua namba ya chasi ya gari la Japani na kuiingiza katika mfumo wa serikali ya Marekani wa kukagua wito, hupati jibu: mfumo ule unataka herufi na tarakimu 17, na chasi ya gari la Japani ni fupi kuliko hivyo. Na ikiwa tatizo liko kwenye programu ya kompyuta, fundi atakayebadilisha koili tu ameinunulia koili mpya kifo kile kile.

Marekani penyewe, ambako sheria ni kali, wenye magari wameumia. Swichi ya kuwashia ya General Motors, iliyofungwa kwenye Chevrolet Cobalt, Saturn Ion na magari mengine, ilikuwa na springi dhaifu. Funguo nzito au mtikisiko wa barabara ulitosha kuizungusha kutoka mahali pake. Injini inazimika, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki gari likigonga. Wahandisi waliona dalili tangu 2001. Mwaka 2006 kifaa kilibadilishwa kimyakimya bila kubadilishwa namba yake, kwa hiyo aliyenunua spea hakuweza kutofautisha nzuri na mbaya. Wito ulitolewa Februari 2014 na ukafikia magari milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulioendeshwa na wakili Kenneth Feinberg ulikubali madai ya vifo 124, na mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa serikali dola milioni 900. Bungeni kule ilitajwa senti 57 kuwa gharama ya kurekebisha swichi moja.

Naitaja habari hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni onyo la kila siku: kampuni ilipotoa wito iliwaambia wenye magari waondoe kila kitu kwenye pete ya funguo, wabaki na ufunguo wa gari peke yake. Kampala tunaning'iniza funguo za geti, duka, ofisi na kufuli ya usukani, kisha tunashangaa swichi ya Corolla ya miaka 15 ikianza kulegea mpaka ufunguo unachomoka injini ikiwa inaunguruma. Kupunguza pete ya funguo ni bure. Swichi ikishalegea, muulize fundi kilichokufa ni kipi: sehemu ya umeme iliyo nyuma, au silinda ya funguo, au mkusanyiko mzima wa kufuli ya usukani. Sehemu ya umeme ni ndogo na rahisi kubadilisha. Mkusanyiko mzima ni ghali, na gari likiwa na ufunguo wenye chipu unaongeza gharama ya kuifundisha kompyuta ufunguo mpya. Ukimkuta fundi anayetaka kukufungia kitufe cha kubonyeza kwa nyaya zilizounganishwa kwa selotepu, mshukuru, ondoka. Nyaya hizo hubeba umeme mwingi wa gari.

Sababu ya pili ni namba ya kifaa. Namba hukuambia spea inaingia kwenye gari gani, basi. Koili ya 1NZ-FE ni 90919-02240, ya 1ZZ-FE ni 90919-02239, na namba hizo zimechapwa kwenye koili halisi na kwenye koili za kughushi vilevile.

Sasa tuingie sokoni. Kutoka Kyambogo unaweza kutafuta spea Nakawa, Ntinda au Kireka, au ukashuka mjini mpaka soko la Kisekka, au ukavuka mji kwenda Ndeeba. Utakayokutana nayo ni aina nne. Koili mpya ya wakala, ghali kuliko zote. Koili mpya ya kampuni inayojulikana, Denso yenyewe au nyingine inayouza kwa jina lake. Koili ya mtumba iliyong'olewa kwenye injini iliyoletwa kutoka Japani. Na koili mpya inayong'aa, ndani ya boksi lenye jina kubwa, ambayo mwuzaji anaapa, "Hii ni orijino kabisa, ssebo," kwa bei isiyofika hata nusu ya ile ya wakala.

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, weka bei za siku utakayokwenda. Tuseme ya wakala ni shilingi 250,000, ya mtumba 70,000, ya boksi linalong'aa 60,000, na fundi anataka 20,000 kila akifungua. Ile ya boksi ikidumu miezi minne, kwa miaka miwili utainunua mara sita: 480,000 pamoja na fundi. Ya wakala ikidumu miaka hiyo yote imekugharimu 270,000. Ya mtumba ikidumu mwaka mmoja, ukainunua mara mbili, ni 180,000. Yaani iliyoonekana rahisi ndiyo ghali kuliko zote, na mtumba, ambao watu wa magari makubwa wanaudharau, ndio uliokaa vizuri mfukoni. Mimi kati ya mtumba halisi na mpya ya kughushi sisiti: nachukua mtumba. Ule ulitoka kiwandani ukiwa mzima na umeshathibitisha kwamba unafanya kazi. Sharti ni mwuzaji akubali kuandika kwenye risiti kwamba utairudisha ndani ya wiki ikishindwa. Usiridhike akiipima kwa mita mezani; koili za aina hii zina saketi ya kielektroniki ndani, na mita ya kawaida haisemi kama itahimili joto la injini. Kipimo ni kuifunga na kuendesha.

Koili ya kughushi ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Silinda isipowaka, petroli isiyoungua inamwagwa kwenye bomba la moshi na kuunguza kataliti, kifaa cha kusafisha moshi. Kataliti ni ghali kuliko koili zote nne kwa pamoja. Anayeendesha wiki tatu kwa injini inayotetemeka huku akisubiri mshahara anachoma pesa nyingi kuliko alizoshindwa kupata.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha koili ndiyo mgonjwa. Mashine ya kupima ikisoma P0302, silinda ya pili haiwaki, lakini haijasema kwa nini. Fundi ahamishe koili ya silinda ya pili aiweke ya tatu, gari liwashwe, lisomwe tena. Kosa likihamia P0303, koili imekufa. Likibaki pale pale, tazama plagi, nozeli au waya. Ni kazi ya dakika chache, na fundi anayeikataa na kukuambia ununue nne zote anacheza na pesa zako. Plagi ndizo za kubadilisha zote kwa pamoja: za iridiamu za muda mrefu zimetengenezwa kufika kilomita 100,000, za kawaida ni takriban 20,000, na gari la mtumba mara nyingi linafika na zile zile lilizotoka nazo kiwandani.

Narudi kwenye wito, kwa kuwa ndipo pesa kubwa inapookolewa, na hilo hufanyika kabla meli haijang'oa nanga. Japani, wito hupita kwa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii, na kampuni kubwa za magari zina ukurasa wa kukagua kwa namba ya chasi. Gari likiwa bado Japani, tawi la kampuni linalitengeneza bure. Kwa hiyo unapoagiza, mwombe mwuzaji akutumie namba ya chasi na uthibitisho kwamba hakuna wito uliobaki, kabla ya kulipa salio. Ukinunua kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, Nakawa au kwingineko, namba hiyo hiyo iko kwenye cheti kilichotolewa Japani gari lilipofutwa kwenye usajili. Omba kukiona, kisha ukague mwenyewe au mtafute anayesoma Kijapani. Ukikuta wito umebaki, una hoja ya kupunguziwa bei. Gari likishakuwa lako, mwandikie wakala wa Kampala barua yenye namba ya chasi na namba ya wito. Hakukuuzia, hayumo kwenye mnyororo wa mauzo yako, lakini barua inaweza kumfanya ajibu kwa maandishi, na jibu la maandishi lina uzito kuliko maneno ya mtu wa mapokezi.

Muda nao unabana. Marekani, sheria ya 2015 ilipandisha kutoka miaka 10 hadi 15 kipindi ambacho kampuni inalazimika kutengeneza bure gari lililoitwa. Uganda, sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa 2018 inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Mwenye gari wa Kyambogo anaishi ukingoni mwa mistari hiyo miwili.

Kwa spea na gari vilivyonunuliwa hapa hapa, una sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuridhisha na kinachofaa kwa kazi yake. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 linaweza kupelekwa kwa utaratibu wa madai madogo, bila wakili. Lakini bila risiti ni vigumu kuthibitisha dai, kwa hiyo dai risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, iandikwe namba ya kifaa na neno mpya au mtumba. Mwuzaji anayejua bidhaa yake ataandika. Anayekasirika, umeshajua.

Shirika la viwango, UNBS, linataka gari la mtumba likaguliwe kabla halijasafirishwa. Mkaguzi anakuwa na namba ya chasi mkononi, yuko Japani, na wito unakaguliwa kwa namba hiyo hiyo. Kila cheti cha ukaguzi kinapaswa kuwa na mstari unaosema kama gari lina wito ambao haujatekelezwa, na gari lenye wito wa swichi, koili au mfuko wa hewa lisipande meli mpaka litengenezwe na aliyeliunda, kwa gharama yake.