Jua la Garissa na Deni la Ngamia

Mgeni aliyevuka daraja la Tana na kuingia Garissa saa za adhuhuri, katika miezi ya Februari na Machi ambapo kipimajoto hupita nyuzi 36 kivulini, hudhani kwamba mashaka yake yote yatokana na jua lililo juu ya utosi. Na akishakaribishwa katika nyumba ya mabati, akapewa kiti na bilauri ya maji, ndipo ang'amuapo kwamba jua lile hakuliacha nje, bali limeingia pamoja naye. Paa halimgusi kichwani, wala hakuna upepo wa moto upitao chumbani, lakini utosi wake wafukuta kana kwamba ameinamia jiko la makaa.

Wanafunzi wa sekondari wa mji huo husoma habari hii ya njia tatu za joto kusafiri kwa Kiingereza. Vitabu vya Tanzania vimezipa njia hizo majina ya mpitisho, msafara na mnunurisho. Mpitisho ni ule wa kijiko kilichosahauliwa katika sufuria ya chai, mpaka mpini wake ukamchoma mwenye kukishika. Msafara ni wa vitu vitiririkavyo, yaani hewa na maji, ambavyo vikipata moto huwa vyepesi vikapanda, na vilivyo baridi vikashuka kushika mahali pake. Mnunurisho hauhitaji daraja wala chombo, na ndio uliolivusha joto la jua katika kilomita milioni 150 za uwazi. Bati likishachomwa na jua huwa jua dogo la pili, likimmulikia mgeni wetu miale asiyoiona; na hewa iliyopata moto chini ya paa, kwa kuwa ni nyepesi na imekwisha fika juu, haina safari nyingine ya kwenda ila kungoja palepale.

Kiswahili cha pwani hakikosi maneno ya jambo hili, kwani kina hari, harara, fukuto na vuguvugu, kila moja na mahali pake. Lakini fizikia yadai tutenge mawili tu, halijoto, ambayo ni kipimo cha ukali, na joto, ambalo ni kiasi cha nishati. Kilo moja ya maji yahitaji jouli 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja, ilhali kilo ya chuma yatosheka na 450. Kwa hiyo bati, ambalo ni chuma na tena jembamba, hupanda upesi na kushuka upesi: jua likitua utalisikia likialika juu ya boriti kwa kusinyaa, na kabla ya isha ukiligusa utalikuta limepoa, maana limekwisha litupa joto lake kwenye anga lisilo mawingu.

Majirani wa Lamu walijenga kinyume cha hayo. Kuta zao za matumbawe na chokaa, zenye unene wa karibu nusu mita, hulipokea joto la mchana zikalichelewesha saa nyingi, hata likifika upande wa ndani jua lenyewe limekwisha zama. Ni hila njema, walakini haifai kwa mtu wa kuhamahama, kwa sababu hakuna ngamia awezaye kuchukuzwa ukuta. Mwanamke wa Kisomali, ambaye ndiye fundi na mwenye nyumba, hupinda fito, akazifunika kwa mikeka ya nyuzi na ngozi, akaisimamisha aqal yake kwa muda mfupi, na siku ya kuhama huifungasha mgongoni mwa ngamia. Nyumba hiyo haina uzito wa kuweka akiba ya joto. Nguvu yake ni hewa iliyonaswa katika nyuzi za mikeka, maana hewa isiyotikisika ni mpitishaji mbaya mno wa joto. Mkeka wa nje waweza kuungua kwa jua ilhali ule wa ndani, aliouelekea mtoto aliyelala, ungali una staha. Nami husikitika nionapo watu wakiiacha wakakimbilia mabati matupu yasiyo dari, wakidhani wamepiga hatua mbele. Mabati yana fadhila zake siku ya mvua, lakini mvua za Garissa si nyingi.

Maziwa ya ngamia yana shida yake mbali. Mama auzaye maziwa, akiwa na mtungi wa plastiki wa lita 20 na safari ndefu mbele yake, huufunga kwa gunia lililoloweshwa maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua jouli milioni 2.4 hivi, na lau zote zingetoka katika maziwa yale, zingeyapoza kwa nyuzi 28 hivi. Hazitoki zote humo, kwani nyingi hutoka katika hewa inayolipiga gunia. Walakini hata sehemu ndogo yatosha kuyaokoa maziwa yasichachuke njiani. Ukavu wa hewa ya Garissa, ambao hupasua midomo, ndio uletao faida hii. Gunia hilohilo likipelekwa Lamu, ambako hewa imekwisha shiba maji, lingefanya kazi kwa uvivu.

Nje ya mji pana mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019 katika eneo la hekta 85. Msomaji atadhani hakuna mahali pa kuufaa kuliko Garissa, na kwa upande wa mwanga ni kweli. Lakini paneli za silikoni hupenda mwanga na kuchukia joto, na kila nyuzi moja ipitayo 25 hupunguza nguvu zake kwa asilimia 0.4 hivi. Paneli iliyofika nyuzi 60 imekwisha poteza asilimia 14 ya nguvu zake.

Lakini mwalimu mkuu wa somo hili ni ngamia mwenyewe. Mwaka 1953 Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alikwenda Béni Abbès katika Sahara ya Algeria kumpima mnyama huyu. Alikuta kwamba aliyenyimwa maji huuacha mwili wake ushuke karibu na nyuzi 34 alfajiri, kisha ukapanda hata kupita 40 alasiri, jambo ambalo kwa binadamu lingekuwa homa ya kuitiwa daktari. Tupige hesabu: ngamia wa kilo 500, akipanda nyuzi 6, ameweka mwilini jouli milioni 10 na nusu hivi, na kuziondoa hizo kwa jasho kungemgharimu zaidi ya lita 4 za maji. Yeye hazilipi mchana, bali huzikopa, na usiku huzirudisha bure kwa hewa baridi na anga tupu. Tena mkopo huo una faida ya pili, maana joto hukimbia kwa kadiri ya tofauti ya halijoto, na mwili ambao wenyewe umekwisha pata moto hauliiti joto la nje kwa nguvu kama mwili wa baridi.

Schmidt-Nielsen alimnyoa ngamia mmoja manyoya, akaona upotevu wake wa maji ukiongezeka kwa nusu nzima. Manyoya, kama ile mikeka ya aqal, huungua yenyewe ili ngozi isalimike. Na mafuta, ambayo kwa wanyama wengine hutandazwa chini ya ngozi yakawa blanketi, kwake yamerundikwa nunduni, mwili uliobaki ukaachwa wazi kutoa joto. Choroa wa nyika za Kenya, aliyechunguzwa na C. Richard Taylor katika miaka ya 1960, huenda mbali zaidi, akavumilia hata nyuzi 45.

La ajabu ni kwamba ngamia hakopi ovyo. Yule aliyekwisha nyweshwa hadi akatosheka, halijoto yake hupanda na kushuka kwa nyuzi 2 tu kwa siku, naye hutoa jasho bila choyo. Siku zikipita bila kisima, huyafunga maji yake, akaanza kukopa tena.