Fahamu: Kwa nini maziwa mabichi ni hatari
Ng'ombe mwenye afya hutoa maziwa yenye bakteria wachache. Shida huanzia kwenye kiwele kisichooshwa, mikono ya mkamuaji na, zaidi ya vyote, dumu la plastiki lililowahi kubeba mafuta ya kula. Chungulia ndani: shingo nyembamba, mkono hauingii, na utando wa maziwa ya jana umeganda kwenye pembe. Kukiwa na joto, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kwa takribani dakika 20 tu.

Bakteria ninayemhofia zaidi ni brusela. Ng'ombe aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kabisa, na maziwa yake yasibadilike rangi wala harufu. Anayeyanywa hupata homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo; wengi hutibiwa malaria kwanza. Laktomita, kipimo cha mnunuzi wa maziwa, hugundua maji yaliyoongezwa, si vijidudu. Mtindi wa maziwa mabichi nao si salama, kwani uchachu hauui vijidudu vyote.

Chemsha maziwa hadi yatokote, ndipo ugandishe mtindi. Viwandani hutosha nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wajawazito na watoto wadogo wasionje mabichi hata kidogo.