Chupa ya dawa, mizani ya pamba, na nani wa kulaumiwa

Kila msimu wa pamba unapoanza hapa Bariadi yako maneno ambayo hayakosekani mikutanoni. Bwana shamba anasimama mbele ya watu, ananyanyua chupa ya dawa ya wadudu na kusema kwamba tatizo la wakulima wetu ni kutosoma maelekezo. Ukifika wakati wa kuuza, karani wa kituo cha kununulia naye anasema wakulima hawaielewi mizani. Na wakala wa fedha za simu pale stendi anasema wateja wake ni wazembe, wanatuma fedha kwa namba isiyo yenyewe. Ukiwasikiliza wote watatu utadhani mwananchi wa Mkoa wa Simiyu ameumbwa kukosea.

Leo ningependa tulitazame jambo hili kwa upande wa pili. Wapo watu duniani ambao kazi yao ya maisha imekuwa kuuliza swali moja: mtu anapokosea katika kutumia kitu au kusoma karatasi, mwenye kosa ni yeye au ni kile kitu? Siku hizi swali hilo limezaa taaluma inayofundishwa vyuoni. Sehemu yake moja inahusu namna ya kupanga maandishi, tarakimu na picha ili msomaji aelewe. Nyingine inatazama yale yanayompata mtumiaji tangu anapokishika kitu mpaka anapomaliza shughuli yake. Majina yake ni mageni, lakini jambo lenyewe hapa Usukuma tunalifahamu siku nyingi, kama nitakavyoeleza.

Anayetajwa zaidi katika taaluma hii ni Mmarekani, Donald Norman, mwanasaikolojia. Mwezi Machi 1979 kinu cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, kilipata ajali na sehemu ya kiini chake ikayeyuka. Lawama ziliwaangukia wafanyakazi waliokuwa zamu. Norman alikuwa miongoni mwa wataalamu walioitwa kuchunguza kwa nini wafanyakazi wale walikosea, na alichokiona ni kwamba chumba cha kuongozea mitambo kilikuwa kimepangwa kana kwamba mpangaji alitaka watu wakosee. Chukua taa moja tu. Taa hiyo ilipozimika, wafanyakazi waliamini kwamba vali fulani imefunga. Kumbe taa ilikuwa inaonyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa! Vali yenyewe ilikuwa wazi, maji ya kupozea yanatoka, na hakuna aliyejua.

Mwaka 1988 Norman alitoa kitabu kuhusu vitu vya kawaida vya kila siku, milango, swichi za taa, majiko, akieleza kwa nini vinatushinda. Ule mlango wa kioo wa benki wenye mkono wa kuvuta, ambao ukiuvuta haufunguki kwa sababu ni wa kusukuma, ndio mfano wake mashuhuri. Sijui wewe msikilizaji, lakini mimi nimeshawaona watu wazima wenye suti wakishindana na mlango wa namna hiyo huku mlinzi akiwacheka. Norman anasema mlango ukihitaji maandishi ya "sukuma", aliyeutengeneza ndiye aliyeshindwa mtihani.

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na malalamiko makubwa kuliko yote: mizani. Mkulima alifikisha pamba yake kwa mnunuzi, ikapimwa, akaambiwa uzito. Hakuwa na namna ya kujua kama alichoambiwa ndicho kilichosomeka. Mizani ilisema na mnunuzi, haikusema na mwenye pamba. Wangeweza kuitwa wajinga wasiojua hesabu, na bila shaka wapo waliowaita hivyo. Wakulima walichofanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe, wenye mizani yao, ili mtu ajue uzito wa mali yake kabla hajafika kwa mnunuzi. Kutokana na harakati hizo, zikiongozwa na Paul Bomani, ambaye baada ya Uhuru alikuja kuwa Waziri wa Fedha, vyama vya msingi vilienea, na mwaka 1955 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, kilichokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Historia huieleza habari hiyo kama siasa na ushirika, na ni kweli. Lakini nyuma yake lilikuwamo swali la mshale wa mizani: unamtazama nani?

Swali hilo halijaisha. Siku hizi pamba inapimwa kwa mizani ya kidijitali, na tarakimu zake ni wazi kuliko zile za zamani. Hata hivyo, katika baadhi ya vituo nilivyopita nimeona kioo chenye tarakimu kimemwelekea karani, na mkulima amesimama upande wa pili akiangalia gunia lake. Kugeuza kioo hakuhitaji bajeti.

Katika taaluma hii yupo mzee mwingine ambaye angeielewa vizuri habari ya mizani, naye ni Otto Neurath wa Vienna. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliona kwamba takwimu za serikali kuhusu nyumba, magonjwa na kazi zilikuwa zikiandikwa kwa wataalamu, wakati zilihusu maisha ya wafanyakazi. Mwaka 1925 akaanzisha makumbusho ya kuonyesha takwimu hizo kwa picha. Badala ya tarakimu ndefu alipanga watoto wadogo waliochorwa, kila mmoja akiwakilisha idadi fulani, hata asiyesoma aone wapi wamezidi na wapi wamepungua. Mchoraji wake mkuu alikuwa Gerd Arntz. Neurath alifariki mwaka 1945 akiwa mkimbizi Uingereza, na mkewe Marie akaiendeleza kazi. Katikati ya miaka ya 1950 Marie Neurath alifanya kazi na serikali ya Nigeria Magharibi, iliyokuwa chini ya Obafemi Awolowo, kutengeneza vijitabu vya kuwaeleza wananchi mipango ya elimu na afya. Alikwenda huko mwenyewe, na picha zilizotumika Ulaya hazikupelekwa kama zilivyo. Watu, nyumba na mavazi vilichorwa upya, vifanane na vya pale.

Nasi tulipata kuwa na jaribio letu. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, chini ya chama kimoja, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Ni mpango mzuri, nami nausifu hadi leo. Ila alama haikai kimya hata siku moja. Mwenye jembe aliweza kusema jembe ndilo linalotulisha. Mwenye nyumba aliweza kumjibu kwamba jembe likitoka shamba hulazwa ndani ya nyumba. Waliochagua alama hizo walitaka zisimpendelee mtu, lakini katika nchi ya wakulima jembe lilikuwa limeshaanza kampeni kabla ya mgombea.

Na asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wasiosoma. Mwaka 2000, katika wilaya ya Palm Beach huko Florida, Marekani, karatasi ya kura ya Rais iliandikwa kwa herufi kubwa ili wazee waweze kusoma. Nia njema kabisa. Kwa sababu ya ukubwa wa herufi majina hayakutosha upande mmoja, yakapangwa pande mbili na matundu ya kutoboa yakawa katikati. Watu wengi waliotaka kumpigia Al Gore wakatoboa tundu la mgombea mwingine, Pat Buchanan. George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo zima la Florida kwa tofauti ya kura 537. Hebu fikiria, Rais wa taifa kubwa kiasi kile, na karatasi ambayo laiti ingeonyeshwa kwanza kwa wazee wachache, kasoro yake ingeonekana asubuhi hiyo hiyo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Watu hawa hawana uchawi. Wanachokifanya ni kumpelekea mtumiaji kitu kabla hakijakamilika na kumtazama bila kumsaidia. Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi na Norman, aliandika mwaka 2000 kwamba ukijaribu na watu watano tu utayaona matatizo mengi ya kitu chako.

Mfano mkubwa kuliko yote wa Afrika Mashariki umo mfukoni mwako. M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2005 Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone walianza majaribio Kenya, wakiwa na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa wateja wapatao 500 wa Nairobi na Thika. Nia ilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo yao kwa simu. Wale wateja wakaitumia kwa mambo yao. Mmoja alimlipia mwenzake mkopo naye akalipwa kwa njia nyingine. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wasafiri waliweka fedha kwa wakala asubuhi na kuzitoa walikokwenda, kwa kuogopa wezi njiani. Ingekuwa kampuni ya namna tunayoifahamu, ingetoa waraka wa kuwaonya wateja kwamba wanaitumia huduma kinyume cha maelekezo. Hughes na Lonie waliwatazama, wakajifunza, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando. Kilichotangazwa ni kutuma fedha nyumbani. Tanzania ilifika Aprili 2008 kupitia Vodacom.

Tuwe wakweli kuhusu yale makosa ya namba anayoyalalamikia wakala wetu wa stendi. Tarakimu kumi, kwenye kisimu kidogo chenye kioo kilichokwaruzika, juani, basi linapiga honi: nani asingekosea? Kilichosaidia ni kitu kimoja, jina la mpokeaji kutokea kwenye kioo kabla hujaweka namba ya siri. Mtu anayesoma kwa shida hulitambua jina la mwanawe upesi kuliko tarakimu kumi. Semina hazikuweza kufanya hivyo.

Narudi kwenye chupa ya dawa, maana hapo mchezo unaweza kuua. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa viuatilifu duniani, wakishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walitengeneza picha ndogo za kuweka kwenye lebo kwa ajili ya wasiosoma: glavu, buti, mikono chini ya bomba, kufuli. Chini ya lebo huwekwa mkanda wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, njano kwa hatari ya wastani, bluu kwa hatari ndogo, kijani kwa ile isiyotazamiwa kudhuru ikitumiwa sawasawa. Ni kazi nzuri ya watu wenye akili. Lakini maandishi yanayozizunguka, kwenye chupa ndogo ya ekari moja, hata kijana mwenye macho mazuri huyasoma kwa kukunja uso.

Basi nikachukua ushauri wa Nielsen. Nilikwenda mnadani na lebo ya chupa mojawapo, kampuni yake siitaji, nikawauliza wakulima watano mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Picha ya mikono chini ya bomba, inayomaanisha nawa baada ya kazi, wawili waliielewa. Mzee mmoja alisema maana yake ni kunawa kabla ya kuanza. Mama mmoja alisema inakataza kuchanganya dawa kwa maji ya lambo, yatakiwa ya bomba, akauliza kwa haki kabisa: "Na sisi tusio na bomba?" Wa tano aliitazama sana akanirudishia.

Sidai kwamba huo ni utafiti. Lakini kampuni inayoleta dawa hapa nchini, na mamlaka inayoisajili, zingeweza kufanya jambo hilo hilo kwa siku moja, Dutwa au Nkololo, kabla lebo haijapelekwa kiwandani, na kuchora ndoo na kata mahali pa bomba.

Kuhusu rangi, mzee alitania kwamba njano na kijani ni rangi za chama. Aliyenishangaza ni yule wa tano, kijana aliyeshindwa na bomba. Mkanda wa lebo ulikuwa wa njano, naye hakusita: "Hiyo ni kadi. Njano umeonywa, nyekundu utoke nje." Hakuna semina iliyomfundisha, alifundishwa na mpira, na jibu lake linakaribia sana kile FAO ilichokusudia. Nikamuuliza, je, ukikuta chupa yenye mkanda wa bluu?

Akafikiri kidogo. "Bluu refa hana," akasema.