Vilabu Vingi, Ini Moja: Unywaji wa Pombe wa Kuzunguka Handeni na Korogwe

Mtu anayekunywa pombe kila jioni katika kilabu kimoja cha mtaani kwake hufahamika. Mwenye kilabu anamjua, majirani wanamjua, na watu wa nyumbani kwake wanaweza kukadiria kiasi anachokunywa. Hali ni tofauti kwa mtu anayekunywa kidogo hapa na kidogo kule, katika vituo vitatu au vinne vya safari ya siku moja. Hakuna anayeuona unywaji wake wote, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hauoni. Akiulizwa zahanati amekunywa kiasi gani, hujibu, "Mbili tu." Jibu hilo si la uongo. Ni kweli alikunywa mbili katika kila kituo.

Makala haya yanaeleza jinsi unywaji wa kuzunguka unavyotokea katika wilaya za Handeni na Korogwe, madhara yake mwilini na barabarani, namna mhudumu wa afya anavyoweza kuutambua, na njia salama ya kuupunguza.

Magulio na zamu za wapishi

Korogwe imekuwa kituo cha wasafiri tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika hapo mwaka 1902. Leo barabara kuu inayounganisha Dar es Salaam na Arusha hupita Segera, Korogwe na Mombo, na barabara ya lami ya takribani kilomita 65 huunganisha Korogwe na Handeni. Mfanyabiashara wa mahindi, maharage, mbuzi au nguo anaweza kutoka asubuhi, kupita vijiji kadhaa, na kurudi nyumbani jioni kwa basi dogo au bodaboda.

Magulio yamepangwa kuendana na safari hizo. Kila gulio lina siku yake katika juma ili wauzaji na wanunuzi waweze kuyazungukia. Palipo na gulio au mnada wa mifugo, pana pia nyama choma, chai na pombe: bia za viwandani, pombe ya mahindi, kangara, pombe ya miwa ambayo wengi huiita boha, na kwa siri, gongo.

Pombe ya kienyeji ina tabia moja inayochochea mzunguko huu: haikai. Ikishaiva, huchachuka na kuharibika baada ya siku chache, hivyo sharti inywewe mapema. Wapishi wake, ambao wengi ni wanawake wanaolipia ada na mavazi ya watoto kwa kazi hiyo, mara nyingi hupika kwa zamu ili wasiharibiane soko. Leo imeiva kwa mama huyu, kesho kutwa kwa mwenzake wa kijiji cha pili. Mnywaji naye huifuata ilikoiva. Aliyepanga kunywa siku ya gulio peke yake hujikuta, kadiri safari zake zinavyoongezeka, ana gulio karibu kila siku.

Hesabu inavyopotea

Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo sanifu kimoja kuwa ni gramu 10 za kilevi halisi. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20, yaani vipimo viwili. Kwa hiyo anayesema "bia mbili" amekunywa vipimo vinne.

Katika pombe ya kienyeji hesabu ni ngumu zaidi. Kilabu kimoja huuza kwa kopo la plastiki, kingine kwa jagi, kingine kwa chupa ya bia iliyokwisha kutumika. Ukali nao hubadilika: pombe iliyoiva leo asubuhi haiwi sawa na iliyolala hadi kesho, wala ya mpishi mmoja haiwi sawa na ya mwenzake. Gongo, ambayo huwa kali kuliko zote, hupimwa kwa glasi ndogo, na udogo wa glasi humfanya mtu adhani amekunywa kidogo.

Chukua mfano wa kubuni wa mnunuzi wa mahindi mwenye umri wa miaka 45. Saa 6 mchana anamaliza ununuzi kwenye gulio na kunywa makopo mawili ya nusu lita ya pombe ya miwa. Saa 11 jioni, akingoja usafiri Segera, anakunywa bia mbili. Saa 2 usiku, akiwa Korogwe, jirani anamnunulia bia moja. Ikiwa vinywaji vyote vina kilevi cha asilimia 5, amekunywa gramu 40, kisha 40, kisha 20. Jumla ni gramu 100, au vipimo 10. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mkupuo mmoja kuwa ni unywaji wa kupindukia. Mtu huyu hakulewa chakari mahali popote, na pote alionekana mstaarabu.

Ini halibadiliki kwa sababu mnywaji amebadilisha kilabu. Huondoa kilevi kwa kasi ndogo, takribani kipimo kimoja kwa saa, na wala kahawa, supu ya moto au maji baridi havilifanyi liende haraka. Mnunuzi wetu alipofika Segera, mwili wake ulikuwa umekaribia tu kumaliza alichokunywa mchana.

Njia ya kurudi

Hatari ya kwanza ya mzunguko huu haimo kwenye ini bali barabarani. Anayelewa mtaani kwake hurudi nyumbani kwa miguu. Aliyezunguka ana safari mbele yake, mara nyingi gizani, kwenye barabara kuu inayopitiwa na malori na mabasi ya mwendo kasi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania inakataza kuendesha chombo ukiwa na kilevi kinachozidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani hushauri kikomo cha chini zaidi: miligramu 50, na 20 kwa madereva vijana na wageni wa kazi hiyo. Uwezo wa kukadiria mwendo na umbali huanza kupungua kabla mtu hajajihisi amelewa. Abiria wa bodaboda naye yumo hatarini, kwani aliyelewa hushindwa kujishikilia na mara nyingi hakumbuki kofia ngumu.

Mtu aliyekutwa amelala kando ya njia baada ya gulio asiachwe "mpaka pombe ishuke." Huenda ameumia kichwa, au sukari yake imeshuka, na hali zote mbili hufanana na ulevi. Alazwe kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi, na kama haamki anapoitwa kwa sauti na kutikiswa, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Pombe na dawa

Wagonjwa wengi wanaoendelea na dawa za muda mrefu ni wasafiri wa magulio pia. Kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, pombe huongeza hatari ya kuumia ini. Macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, kichefuchefu na maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu ni dalili za kurudi kituoni siku hiyo hiyo. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, kunywa bila kula kunaweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, akiwa usingizini. Kwa mwenye kifafa anayetumia fenobabitoni, dawa na pombe kwa pamoja hudhoofisha upumuaji na zinaweza kuua. Kwa mwenye shinikizo la damu, unywaji mwingi hulipandisha na kufanya dawa zionekane hazifai.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kosa la kawaida ni kuacha kidonge cha siku ya gulio kwa hofu ya kukichanganya na pombe. Kukosa dozi kuna madhara makubwa zaidi. Ushauri ni kupunguza au kuacha pombe, lakini dawa inywewe kwa saa yake hata siku ambayo mtu amekunywa.

Gongo ina hatari yake ya pekee. Ilikatazwa kutengenezwa bila leseni kwa sheria ya mwaka 1966, na kwa kuwa hutengenezwa kwa siri hakuna anayeikagua. Ikichanganyika na methanoli inaweza kuleta upofu na kifo. Dalili zinaweza kuchelewa hadi siku ya pili: kuona ukungu, kuumwa tumbo, kupumua kwa kasi, kuchanganyikiwa. Mgonjwa huyo apewe rufaa bila kusubiri, na walionywa naye watafutwe, hata kama kwa wakati huo wapo kijiji kingine.

Namna ya kuuliza

Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 na alama hadi 40. Alama 8 au zaidi huonyesha unywaji wenye hatari. 20 au zaidi huashiria uwezekano wa utegemezi. Tafsiri yake ya Kiswahili cha Tanzania imefanyiwa majaribio katika Hospitali ya KCMC, Moshi, miongoni mwa majeruhi wa ajali. Hospitalini hapo pia umeandaliwa utaratibu wa mazungumzo mafupi na majeruhi uitwao "Punguza Pombe kwa Afya Yako."

Kwa mnywaji wa kuzunguka, swali la "unakunywa kiasi gani?" hupata jibu la kituo kimoja. Ni afadhali kuifuata safari. Baada ya salamu, mhudumu anaweza kusema: "Baba, tuanze na Jumatatu iliyopita. Ulikwenda gulio gani? Pale mlikunywa kwa chombo gani? Kabla ya kufika nyumbani mlipita wapi tena?" Kisha siku inayofuata, hadi juma liishe. Chombo kichorwe au kionyeshwe, na jumla ihesabiwe mbele ya mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi hesabu hiyo humwamsha kuliko karipio. Mazungumzo yafanyike faraghani, na mwanamke aulizwe kama mwanamume. Mjamzito aelezwe wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Asiache ghafla peke yake

Mgonjwa akishaona hesabu yake anaweza kuapa kutogusa tena. Nia ni njema, lakini kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, kuacha ghafla ni hatari. Mikono kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kukosa usingizi huanza ndani ya siku ya kwanza. Degedege laweza kutokea katika siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kunakoambatana na homa na kuona vitu visivyokuwapo hutokea zaidi siku ya pili hadi ya tatu. Mwenye dalili za kutetemeka asubuhi hadi anywe, au aliyewahi kupata degedege alipoacha, aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali, kwa diazepamu iliyopimwa na thiamini, yaani vitamini B1. Sukari ikiwa imeshuka, kuirudisha kusicheleweshwe. Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, Hospitali ya Wilaya ya Handeni na, kwa kesi nzito, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo jijini Tanga ndiko kwa kuanzia.

Kwa asiye mtegemezi, yapo mambo yanayowezekana hata kwa anayeendelea kwenda magulioni kutafuta riziki. Ale kabla ya kunywa. Aamue kiasi cha siku nzima kabla ya kuondoka nyumbani, si kiasi cha kila kituo. Fedha za mtaji azikabidhi kwa mwenzake au azitume kwa simu kabla ya kukaa kilabuni. Anayeendesha asinywe kabisa. Kila juma awe na siku za gulio anazorudi nyumbani mkavu, na watu wa nyumbani wazijue siku hizo.

Mwaka 2017, kuanzia Machi 1, Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, ambazo ziliingia mfukoni kwa urahisi na kwa bei ndogo. Hatua hiyo iliondoa aina moja ya chombo. Mzunguko wa magulio utaendelea, kwa kuwa ndio uchumi wa vijiji hivi. Linalowezekana katika kila zahanati iliyo njiani ni kumsaidia msafiri kujumlisha alichokunywa katika vituo vyote, kabla ajali au ugonjwa haujamjumlishia.